Treni za mfano: Namna ya kuchagua mfumo wa sauti ya kichwa cha treni

Na Mwandishi Wetu, Tanga

KWA wakazi wa Ngamiani, reli si jambo la kusimuliwa na wageni. Ndiyo mstari unaoitenga mitaa yao yenye barabara za namba na upande wa mjini, na anayekwenda mjini kwa miguu au kwa baiskeli hana budi kuivuka. Ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, ukafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Waingereza waliisogeza hadi Arusha mwaka 1929.

Lakini reli inaweza kuwapo bila sauti. Treni za abiria za njia hii zilisimama katika miaka ya 1990, na zile za mizigo nazo zikafuata baadaye. Treni ya mizigo ilirejea kati ya Tanga na Moshi Julai 2019, na Desemba mwaka huo abiria wakaanza tena kusafiri kutoka Dar es Salaam hadi Moshi kupitia Korogwe. Kijana aliyekulia Ngamiani katikati ya vipindi hivyo aliyajua mataruma na kokoto, lakini mngurumo wa kichwa cha treni kinachopanga mabehewa aliusikia kwa wazee tu.

Hapo ndipo suala linaloonekana kuwa la mchezo linapopata uzito. Mtu mwenye picha ya zamani na subira anaweza kutengeneza kichwa cha treni cha mfano kwa mbao, bati au plastiki, kikafanana na cha kweli hata katika idadi ya ribiti. Sauti haimo katika picha. Ikichaguliwa vibaya, kichwa kilichobeba maandishi ya shirika la reli la Afrika Mashariki kitapiga honi ya Marekani, na mtoto anayekitazama ataamini kwamba ndivyo kilivyolia.

Sauti ya kichwa gani?

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuanza na kifaa. Swali la kwanza lapasa kuwa: kichwa hiki, katika maisha yake ya kweli, kilipumua namna gani?

Vichwa vya mvuke vilivyojulikana sana katika reli za Afrika Mashariki ni vya jamii ya 29 na ya 30, vilivyotengenezwa na kampuni ya North British ya Glasgow katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya makabila ya eneo hili. Kimoja kati ya vya jamii ya 30, chenye jina la Nyaturu, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Hivi vilikuwa na silinda mbili. Kichwa cha silinda mbili hutoa mapigo manne ya moshi kila gurudumu la kuendeshea linapozunguka mara moja, na hesabu hiyo ndiyo roho ya sauti ya mvuke.

Magurudumu ya jamii ya 29 yalikuwa na kipenyo cha meta 1.22, kwa hiyo mzunguko mmoja ulikisogeza kichwa meta 3.8 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, magurudumu huzunguka karibu mara moja na nusu kwa sekunde, nayo masikio hupokea takriban mapigo sita katika sekunde hiyo. Kwa kilomita 10 kwa saa, mapigo ni matatu. Mfumo wa sauti usioweza kufuata uwiano huu hudhihirika upesi: magurudumu yanatambaa huku moshi ukipiga kana kwamba kichwa kinakimbia, au kinyume chake. Hata asiyejua lolote kuhusu reli huhisi kuna kasoro, ingawa pengine hawezi kuitaja.

Jamii ya 59 ina shida yake. Vichwa hivi 34 vya aina ya Garratt, vilivyojengwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima, havikuwa vya njia ya Tanga; kazi yao kubwa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Hata hivyo ndivyo vinavyopendwa zaidi na watengenezaji wa treni za mfano, kwa sababu vilikuwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vingine vyote katika reli za upana wa meta moja. Garratt ni kama vichwa viwili vilivyobeba tangi moja la kuchemshia maji. Kila upande una silinda zake na magurudumu yake, na kwa kuwa pande hizo hazikufungwa pamoja, mapigo yao huenda sambamba kwa muda, yakaachana, kisha yakakutana tena. Mwenye kutaka kuiga sauti hiyo anahitaji kifaa chenye uwezo wa kucheza mifululizo miwili ya mapigo kwa wakati mmoja. Vifaa vya bei ya chini aghalabu havina uwezo huo, na Garratt isiyo na kuachana huko kwa mapigo husikika kama kichwa cha kawaida chenye kifua kipana.

Kwa dizeli, jambo la kutazama ni injini na honi. Kiwanda cha vichwa vya treni cha Varanasi, India, kilifanya mauzo yake ya kwanza nje ya nchi mwaka 1976, na mnunuzi alikuwa Tanzania. Vichwa hivyo ni ndugu wa jamii ya YDM-4 ya India, yenye injini ya Alco 251 ya silinda sita. Jamii ya 88, iliyotoka kiwanda cha MLW cha Montreal, Canada, nayo ina asili ya Alco. Hii ni habari njema kwa mnunuzi. Injini za Alco zilisambaa Marekani, Canada, India na Australia, na sauti zake zimo katika hazina za watengenezaji wakubwa wa vifaa. Mlio wake ni wa kugugumia, usio laini, na unapoongezewa mzigo mfululizo wa mbinja ya turbo hupanda polepole nyuma ya mngurumo. Mtu akiuziwa sauti ya injini ya EMD ya mizunguko miwili kwa maelezo kwamba dizeli zote ni moja, ametapeliwa.

Hadhari moja: silinda sita na silinda 12 za jina hilohilo la Alco hazilii sawa, na kichwa kilichokarabatiwa kwa kubadilishiwa injini hupoteza sauti yake ya awali ingawa namba ya ubavuni hubaki ileile. Kwa hiyo mwaka unaoigizwa lazima ujulikane.

Honi na king'ora ndivyo huharibiwa mara nyingi zaidi. Sauti zinazokuja tayari ndani ya vifaa vya Marekani huwa na honi ya noti tatu hadi tano zinazolia pamoja. Vichwa vya mvuke vya asili ya Uingereza vilikuwa na kawaida ya king'ora cha noti moja. Iwapo fedha zinatosha kurekebisha jambo moja tu, lirekebishwe hili, maana sikio la binadamu hukumbuka honi kuliko mngurumo.

Njia zilizopo

Njia ya kwanza, na ndiyo inayotumika zaidi duniani, ni mfumo wa kidijitali ujulikanao kwa herufi DCC, ambao viwango vyake vilipitishwa na chama cha watengenezaji wa treni za mfano cha Marekani, NMRA, katika miaka ya 1990. Katika mfumo huu reli ina umeme wakati wote, na amri husafiri ndani ya umeme huohuo hadi kwenye kifaa kidogo kilicho tumboni mwa kichwa, kiitwacho dikoda. Dikoda ya sauti huendesha mota, taa na spika kwa pamoja. Kwa sababu hiyo inajua mota inazunguka kwa kasi gani na imelemewa kiasi gani, na inaweza kuongeza mngurumo kichwa kinapopanda mlima na kuupunguza kinaposhuka.

Majina yanayotajwa sana ni LokSound ya kampuni ya ESU ya Ujerumani, Zimo ya Austria na SoundTraxx ya Marekani. Bei ya dikoda moja kamili kwa kawaida huzidi dola 100 za Marekani, mbali na usafirishaji na ushuru wa forodha. Tofauti inayowahusu wasomaji wa pwani hii ni moja. LokSound na Zimo huruhusu mwenye kifaa kufuta sauti zote zilizomo na kuweka nyingine, zikiwamo alizorekodi mwenyewe, kwa kutumia kompyuta na kifaa maalumu cha kuunganishia. SoundTraxx kwa kawaida huuza dikoda yenye sauti zilizokwisha kuchaguliwa kiwandani, na mnunuzi huchagua honi, kengele na injini kutoka katika orodha hiyo. Kwa anayeiga treni za Pennsylvania orodha hiyo ni karamu. Kwa anayeiga treni iliyopita Muheza na Mombo, uhuru wa kupakia sauti mpya una thamani kuliko ubora wowote mwingine ulioandikwa kwenye kasha. Lakini kifaa cha kupakia sauti nacho hununuliwa kando, na bei yake huweza kuzidi ya dikoda yenyewe. Watu wawili au watatu wakishirikiana kukinunua, gharama hupungua.

Njia ya pili ni umeme wa kawaida usio wa kidijitali, ambapo volti zikiongezwa treni hukimbia. Dikoda nyingi za sauti hukubali kufanya kazi hivyo, ila kwa masharti. Sauti haianzi mpaka volti zifike kiwango fulani, na treni ikisimama kwa kukatiwa umeme sauti nayo huzimika. Kichwa cha dizeli kilichosimama stesheni kikiwa kimya kama jiwe si kitu cha kupendeza. Honi nayo huwa vigumu kuipiga kwa wakati unaotakiwa.

Njia ya tatu haipewi heshima katika vitabu vya ughaibuni, ilhali kwa mji wenye mafundi redio ndiyo iliyo karibu zaidi. Kuna kibao kidogo cha kuchezea sauti, DFPlayer Mini, kinachosoma kadi ya kumbukumbu ya hadi gigabaiti 32, kinachotumia umeme wa volti 3.2 hadi 5, na chenye amplifaya ya ndani ya wati tatu. Bei yake ni dola chache tu. Kikiunganishwa na kidhibiti cha Arduino pamoja na swichi ya sumaku, kinaweza kutoa pigo la moshi kila sumaku inapopita. Sumaku nne ndogo zikibandikwa kwa nafasi sawa kuzunguka ekseli, mapigo manne kwa mzunguko yanapatikana bila dikoda ya dola 100. Fundi anayeweza kulehemu waya za redio ya gari ataifanya kazi hii. Udhaifu wake ni kwamba kibao huchelewa kidogo kabla ya kuanza kila sauti, hivyo kwa mwendo mkubwa mapigo huanza kukosana na magurudumu. Kwa kichwa cha kupanga mabehewa, kinachokwenda taratibu, kasoro hiyo haionekani sana.

Spika

Dikoda bora iliyofungwa spika mbaya ni hasara, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mwenyewe kujua sababu. Kiwambo cha spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Mawimbi ya mbele na ya nyuma yakikutana hufutana, na zinazofutika zaidi ni zile sauti nzito. Spika iliyowekwa wazi ndani ya kichwa hulia kama nzi aliyefungiwa kikombeni. Kisanduku kidogo cha plastiki kilichozibwa nyuma ya spika, bila upenyo hata wa tundu la waya, hubadili hali hiyo mara moja. Gundi ya kuzibia hugharimu kidogo sana. Mtu aijaribu kabla ya kufikiria spika ya bei kubwa.

Hata ikizibwa, spika ya milimita 11 kwa 15, ambayo ndiyo inayoenea katika vichwa vidogo, haiwezi kutoa ngurumo nzito za kweli. Sauti za chini ya herzi 300 au 400 hudhoofika sana. Baadhi ya wapenzi wa fani hii huweka spika kubwa chini ya meza ya reli ili ipige zile nzito, huku ile ndogo ikibeba honi na mapigo. Sikio hudanganyika kwa urahisi, kwa kuwa sauti nzito haitambulikani vyema inatoka upande gani.

Ukinzani wa spika, unaopimwa kwa omu, nao usipuuzwe. Spika mbili za omu nane zikiunganishwa sambamba hutoa omu nne. Zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa 16. Dikoda za LokSound za matoleo ya kabla ya la nne zilihitaji spika za omu 100, wakati toleo la nne na la tano hutumia za omu nne hadi nane. Anayenunua dikoda iliyotumika, na ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia, akifunga spika ya omu nane kwenye dikoda ya zamani atachoma amplifaya yake siku ileile.

Ukubwa wa mfano

Reli ya Tanga ina upana wa meta moja. Katika kipimo cha HO, ambacho ni sehemu moja ya 87, upana huo huwa milimita 11.5 na hutumiwa reli za milimita 12. Kichwa cha jamii ya 59, chenye urefu wa takriban meta 32, hapo kitakuwa na sentimeta 36 au 37. Ni kirefu, ila ni chembamba, na baada ya mota na gia nafasi ya spika hubaki ndogo.

Kipimo cha G kinafaa zaidi kwa wanaojali sauti. Reli zake za milimita 45 kwa sehemu moja ya 22.5 ni karibu sawasawa na reli ya meta moja iliyopunguzwa, na kampuni ya LGB ya Nuremberg iliyazindua mwaka 1968 ikiwa na treni za namna hiyo hiyo akilini. Humo spika ya sentimeta saba au nane huingia bila taabu, na sauti nzito hupatikana. Tatizo ni kwamba kichwa cha Garratt cha ukubwa huo kitakaribia meta moja na nusu. Nyumba nyingi za Ngamiani hazina chumba cha kukizungusha, ingawa uani panaweza kutosha.

Chumvi, unyevu na umeme

Vitabu vingi kuhusu treni za mfano vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Havisemi lolote kuhusu hewa ya bahari. Tanga, unyevu na chumvi huitia reli doa haraka, hasa reli za shaba nyeupe za bei ndogo au shaba ya njano. Gurudumu linapopita juu ya doa, umeme hukatika kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mota haijali, kwa kuwa inaendelea kuzunguka kwa nguvu yake. Dikoda ya sauti hujali sana: huzimika, huwaka upya, na sauti ya kuwasha injini huanza tena katikati ya safari.

Kinga yake ni kapasita ya akiba inayofungwa kwenye dikoda ili kuilisha umeme wakati wa mkatiko. Dikoda nyingi za sasa zina mahali pa kuifunga, nyingine huja nayo. Kwa mnunuzi wa pwani, kapasita hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya bei tangu mwanzo. Reli zifutwe kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Msasa huacha mikwaruzo inayokusanya uchafu upya.

Wapo walioiacha reli isiwe na umeme kabisa. Huweka betri za lithiamu ndani ya kichwa au ndani ya behewa la nyuma yake na kukiongoza kwa rimoti. Kwa kipimo cha G njia hii inafaa mno, na haitegemei kama umeme wa Tanesco upo au haupo. Betri hizo zichajiwe kwa chaja yake, isiyozidi volti 4.2 kwa kila seli, na zisiachwe ndani ya kichwa kilichoanikwa juani.

Vifaa vinavyoagizwa Marekani huweza kuja na transfoma ya volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Kubadili plagi peke yake hakubadili volti, na moshi utakaotoka hautakuwa wa treni.

Kurekodi

Kwa kuwa sauti za njia ya Tanga ni shida kuzipata zikiwa tayari, aliye na uvumilivu anaweza kuzirekodi. Vichwa vya dizeli bado vinapita, na reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inatumia umeme, ambao mlio wake ni wa namna nyingine kabisa. Ruhusa ya shirika la reli iombwe kabla ya kuingia stesheni au karakana na kinasa sauti.

Dikoda haihitaji rekodi moja ndefu ya treni inayopita. Inahitaji vipande: injini ikiwashwa, ikiwa imetulia, ikipandishwa ngazi moja baada ya nyingine ya mwendo, ikishushwa, ikizimwa, breki ikitoa hewa, honi fupi, na honi ndefu yenye mwanzo, katikati na mwisho wake ili katikati iweze kurudiwa kadiri kidole kinavyobaki kwenye kitufe. Kipaza sauti kiwe mahali pamoja kwa vipande vyote, la sivyo injini itaonekana kusogea mbali kila inapobadili mwendo. Rekodi ihifadhiwe kwa faili la WAV lisilobanwa, maana iliyokwisha kubanwa kuwa MP3 haiwezi kurudishiwa ilichopoteza. Simu ya mkononi hutosha kwa honi ya mbali, lakini karibu na injini hulemewa na sauti hupasuka. Nyakati za upepo wa kusi, asubuhi na mapema kabla upepo haujapanda ndiyo saa ya kazi. Hata hapo kipande cha sponji juu ya kipaza sauti kinahitajika.